Karo na Mchango: Habari za Shule za Wazazi katika Kenya

Mtu wa Kenya akitaja fedha atoazo ili mwanawe afundishwe husema karo. Mtu wa Tanzania husema ada. Neno hili la pili limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni desturi, yaani jambo lililokwisha kuzoeleka. Watu wa pwani wakalitumia kwa kitu kitolewacho kwa kufuata desturi, kama ada ya mganga au ada ya kungwi, hata mwisho likawa malipo tu. Liko na neno jingine, mchango, nalo latoka katika kitenzi changa, na mtu hawezi kuchanga peke yake. Alipaye karo hununua kitu kilicho mali ya mwingine. Atoaye mchango hufanya kitu kiwe chake na cha wenziwe pamoja. Tofauti hii ni ndogo kinywani. Walakini katika habari za shule zisizo za serikali, zilizowekwa kwa ajili ya watoto wa watu wasio na kitu, tofauti hii ndiyo iliyoamua mambo mengi: nani achague lugha ya kufundishia, nani amwondoe mwalimu mlevi, na siku ya shida nani abaki na kiwanja. Nataka kuifuata katika nchi ya Kenya, maana huko yaonekana waziwazi, na imeandikwa katika historia ya watu kwa miaka zaidi ya mia.

Kabla Mzungu hajafungua shule yo yote, watoto wa pwani walisoma chuoni. Chuo zamani maana yake ilikuwa kitabu. Baadaye kikawa mahali pasomwapo Kitabu. Mwalimu alikaa barazani pake, watoto wakakaa mkekani na vibao vyao. Hapakuwa na serikali iliyomlipa. Mzazi alimchukua mtoto kwa mkono wake, akampa mwalimu kitu cha kuanzia, na vitu vingine kila mtoto afikapo mahali fulani katika msahafu, na kilicho kikubwa siku ya kuhitimu. Asiye na fedha alilipa kwa mikono ya mtoto: kuteka maji, kutafuta kuni, kupalilia shamba la mwalimu. Mpango huu ulikuwa na ubaya wake, kwa kuwa mtoto wa maskini aliweza kushinda shambani kuliko kibaoni. Lakini ulikuwa na wema wake pia, kwamba umaskini peke yake haukumfungia mtoto mlango, na mzazi alimjua mwalimu, na mwalimu alimjua mzazi.

Zikaja shule za namna nyingine kabisa. Mwaka wa 1875 chama cha Church Missionary Society kilianzisha mji wa watumwa walioachwa huru, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ukaitwa Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja mwaka wa 1873 kumsihi Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Watoto waliotolewa majahazini na manowari za Waingereza waliletwa pale: Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa na wengineo. Wakafundishwa kusoma na kuandika, na kazi za mikono, na baadhi yao wakawa walimu na makarani wenye sifa. Kengele iliyotundikwa pale ndiyo iliyoupa mtaa jina lake, Kengeleni, na watu wengi wapitao na gari leo hawajui kwa nini paitwa hivyo. Hawa walikuwa maskini kuliko maskini wote, maana hawakukosa fedha tu, walikosa hata jamaa. Hapakuwa na mzazi wa kulipa karo wala wa kutoa mchango. Kwa hiyo yule aliyewapa chakula na nguo na mafundisho ndiye aliyeamua yote, pamoja na lugha. Na lugha za makwao zikafa vinywani mwao, wakawa Waswahili. Sisemi kwamba walidhulumiwa, kwa kuwa penginepo wangaliuzwa. Nasema tu kwamba wamisionari wa kwanza walizoea kufundisha watoto wasio na wazee wa kuuliza neno, na mazoea hayo hayakuwafaa walipopanda bara.

Bara walikuta watu wenye wazee, tena wenye ardhi. Katika nchi ya Wakikuyu Kanisa la Scotland lilianza kazi mwaka wa 1898, na misioni nyingine zikafuata. Kwanza watu hawakuzitaka shule. Vijana walioingia walikuwa mara nyingi wale wasiokuwa na mbuzi wala shamba, waliofukuzwa au waliofiwa. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 mambo yaligeuka. Watu walikuwa wakitoa kodi ya kibanda, wanaume wakavikwa kipande shingoni, na kila mmoja aliona kwamba ajuaye kusoma karatasi hadanganywi kwa urahisi kama asiyejua. Shule zikatafutwa. Lakini karibu shule zote zilikuwa mikononi mwa misioni, na serikali, badala ya kujenga zake, ilizisaidia zile za misioni kwa fedha. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozunguka Afrika ya Mashariki mwaka wa 1924, ilisifu mpango huo, ikashauri pia kwamba Mwafrika afundishwe zaidi kilimo, usafi na ufundi wa mikono kama yafaavyo maisha ya kijijini kwake. Shauri hili lilitolewa kwa nia njema. Wazazi wakalisikia kwa sikio jingine: kwamba mtoto wa Mzungu afundishwa ili awe bwana shamba, na mtoto wao afundishwa ili awe mtu wa kulima shamba la huyo.

Mwaka wa 1929 ugomvi ulipasuka, na uliopasukia ni jambo la tohara ya wasichana, liitwalo irua kwa Kikuyu. Baadhi ya misioni, ile ya Scotland ikitangulia, ziliwataka walimu na waumini watie alama ya dole gumba katika karatasi kwamba wameikana desturi hiyo na kwamba hawamo katika chama cha Kikuyu Central Association. Alama hiyo iliitwa kirore, na waliotia wakaitwa kwa jina hilo kwa dharau. Asiyetia alitoka kanisani. Mwalimu asiyetia aliacha kazi. Mtoto wa asiyetia hakupokewa shuleni. Wimbo wa Muthirigu, uliowakejeli wamisionari na machifu, ulienea vijijini kama moto wa kiangazi, na serikali ikaupiga marufuku mwanzo wa mwaka wa 1930.

Katika jambo hili yafaa kusema maneno mawili, na msomaji asiyachanganye. Madaktari wa misioni walisema kweli juu ya madhara ya desturi ile, na waliona kwa macho yao wanawake wakifa katika uzazi. Kenya yenyewe, ikiwa nchi huru, iliikataza kwa sheria mwaka wa 2011. Hilo ni neno la kwanza. La pili ni kwamba kuwa na haki katika shauri moja hakumpi mtu haki ya kushika ufunguo wa shule na kuutumia kumlazimisha mzazi. Tena waliunganisha tohara na chama cha siasa kilichodai ardhi iliyochukuliwa, kana kwamba mambo hayo mawili ni dhambi moja. Wazazi wakaona kwamba shule waliyoijenga kwa jasho lao, katika kiwanja kilichotolewa na ukoo wao, si yao hata kidogo. Hapo ndipo palipoanza habari yenyewe.

Shule walizozijenga waliziita huru. Vyama viwili vikubwa vilizisimamia: Kikuyu Independent Schools Association, kilichojulikana kwa herufi zake KISA, na Kikuyu Karing'a Educational Association. Neno karing'a ni kusema safi, isiyochanganyika, na chama hiki cha pili kilikuwa kikali zaidi, hakikutaka mkono wa serikali kabisa. KISA kilikubali kufuata mafundisho yaliyowekwa na Idara ya Elimu na kukaguliwa, mradi shule zibaki mikononi mwa wenyewe. Kwa kuwa watu hawa walikuwa wametoka makanisani, nao hawakutaka kukaa bila ubatizo, walimwita Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa kanisa la African Orthodox kutoka Afrika ya Kusini, akafika mwishoni mwa mwaka wa 1935, akafundisha watu na kuwawekea mikono, akarudi kwao mwaka wa 1937. Shule na kanisa zikaota shina moja.

Namna ya kuzijenga shule hizi yastahili kuelezwa kwa urefu, maana ndiyo mizizi ya neno mchango kama livyotumika Kenya hata leo. Kwanza kilitakiwa kiwanja. Ardhi ya Wakikuyu ilikuwa ya mbari, yaani ukoo, na githaka cha mbari kina wazee wake wanaojulikana. Wazee wakakaa, wakakubaliana, wakakata kipande wakakitoa. Kisha kazi. Wakikuyu walikuwa na desturi ya ngwatio, watu kusaidiana shambani kwa zamu, ndiyo ile watu wa Tanzania waiitayo ujima au msaragambo. Desturi hii ikahamishwa ikawa ya kujenga. Wanaume walikata miti na kusimamisha kuta, wanawake walichukua maji na udongo na nyasi za kuezekea. Kisha fedha, nazo zilitolewa mara nyingi kwa kufuata mariika, yaani rika za waliotahiriwa pamoja. Na hapa desturi ya zamani ilifanya kazi ambayo hakuna mhasibu angaliweza kuifanya: rika moja haikubali kushindwa na rika nyingine mbele ya watu, na mtu asiyetoa chake huwaaibisha wote aliotahiriwa nao. Hatimaye ilichaguliwa kamati ya wazee, na mwalimu akaajiriwa nayo, akawa chini yake.

Tusizipambe shule hizi kuliko zilivyokuwa. Paa nyingi zilivuja. Walimu wengi walikuwa vijana waliofika madarasa machache tu ya misioni, na mshahara wao ulikuja mavuno yalipokuwa mazuri. Kitabu kimoja kilizungushwa kwa watoto wengi. Kamati nyingine ziligombana hata shule ikagawanyika mara mbili, kila upande ukijenga yake karibu na ya mwenzie. Wakaguzi wa serikali waliandika makosa haya, na mengi waliyoyaandika yalikuwa ya kweli. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo mkaguzi hakuweza kulitia katika karatasi zake: katika shule hiyo mzazi asiyejua hata kuandika jina lake aliweza kusimama mkutanoni akamwuliza mwalimu kwa nini watoto hawakufundishwa juma lililopita, na mwalimu akalazimika kujibu.

Katika jambo la lugha wazazi hawa waliwashangaza wengi. Walikuwa wametoka misioni kwa sababu ya kushika desturi. Mtu angedhani wataka watoto wafundishwe kwa Kikuyu zaidi kuliko wengine. Sivyo. Mpango wa serikali ulitaka mtoto aanze kwa lugha ya mama, na Kiingereza kingoje madarasa ya juu. Wao walitaka Kiingereza mapema, wakashindana na Idara juu ya jambo hilo kwa miaka. Kiswahili nacho hawakukipenda sana, na sisi tukipendao yafaa tujue sababu. Kiswahili walichokisikia walisemeshwa na mabwana mashamba na askari, kile kiitwacho Kisetla, chenye amri nyingi na adabu chache. Hawakukijua kama lugha ya mashairi na nyaraka. Waliona kwamba lugha ya hakimu, ya karani mkuu na ya hati ya ardhi ni Kiingereza, na kwamba anayetaka kudai ardhi lazima aijue lugha iliyoiandika. Mtu aweza kushika desturi ya baba yake na papo hapo akataka kuufahamu mkataba uliomnyang'anya baba yake shamba. Sioni kigeugeu hapo.

Upungufu mkubwa ulikuwa walimu. Mwaka wa 1938 Peter Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Koinange wa Mbiyu, alirudi kutoka ng'ambo. Alikuwa amesoma Hampton, Ohio Wesleyan na Columbia katika Marekani, naye alikuwa na shahada ya juu ambayo hakuna Mwafrika wa Kenya aliyeipata kabla yake. Mwaka wa 1939 chuo cha walimu kilifunguliwa Githunguri katika Kiambu ili kuzipatia shule huru walimu wao wenyewe. Kilijengwa kwa njia ile ile ya mariika. Koinange mwenyewe alieleza baadaye katika kitabu chake jinsi wanawake walivyochukua juu yao kujenga kwa mawe bweni la wasichana. Hili lisipite bila kutazamwa: katika shule zilizozaliwa na ugomvi juu ya miili ya wasichana, mama zao ndio waliochanga ili wasichana wapate pa kulala wakisoma. Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka wa 1946 aliingia katika kazi ya chuo, na mwaka uliofuata akawa mkuu wake.

Mwisho wake ulikuja upesi. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau, na Kenyatta akakamatwa usiku ule. Serikali ilizitazama shule huru kama viota vya maasi. Vyama vyake vikapigwa marufuku, shule zikafungwa, na zilizoruhusiwa kufunguliwa tena zikawekwa chini ya misioni au ya bodi za elimu za wilaya. Githunguri palikuwa pabaya kuliko pote, maana majengo yaliyochangiwa na mariika yakageuzwa gereza, na watu wakanyongwa pale.

Serikali iliweza kuyafunga majengo, lakini watu walikuwa wamekwisha kujifunza namna ya kujenga. Kenya ilipokaribia uhuru mwaka wa 1963, Kenyatta akiwa Waziri Mkuu, aliwapa wananchi neno harambee, ambalo wachukuzi na mabaharia wa pwani walilipaza walipovuta kitu kizito kwa pamoja. Neno la pwani likavikwa mwili wa ngwatio ya bara, likaandikwa hata katika ngao ya taifa. Shule za msingi zilikuwa zimeongezeka, lakini mtoto aliyemaliza hakuwa na mahali pa kwenda, kwa kuwa shule za sekondari za serikali zilikuwa chache. Basi wanakijiji wakajenga zao. Kufika miaka ya 1970 shule za sekondari zilizosimama bila msaada wa serikali zilikuwa nyingi kuliko za serikali yenyewe. Wakulima wa kahawa wa Nyeri wakachangia chuo cha ufundi cha Kimathi, ambacho leo ni chuo kikuu.

Hata hivyo mchango una ugonjwa wake, nao ni kwamba huongezeka penye kitu na hukosekana pasipo na kitu. Mlima wa kahawa na chai ulijaa shule. Nchi kavu ya kaskazini, ambako mtu huhesabu mali yake kwa ngamia na mvua ni mgeni, ilibaki nyuma. Tena mchango wa hiari ukaanza kugeuka kodi. Palikuwa na machifu waliokata fedha kabla mtu hajapewa mauzo yake, na waliochukua kuku au mbuzi wa mjane aliyesema hana. Wanasiasa wakapanda jukwaani na mafurushi ya noti, kila mmoja akitaka jina lake litajwe, na hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Mwaka wa 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma ikawazuia wakubwa kutumia vyeo vyao kukusanya michango. Kwa hiyo neno zuri likaanza kusikika vibaya, na mtu akiletewa kadi ya harambee hukunja uso.

Mwaka huo huo wa 2003, mwezi wa Januari, serikali ya Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi za serikali. Watoto walioandikwa walipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi karibu milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alivaa kaptura akaingia darasa la kwanza huko Eldoret, na picha yake ikazunguka dunia. Wengi wakadhani kwamba sasa habari za shule za watu binafsi kwa maskini zimekwisha, kwa kuwa nani atanunua kilicho bure?

Lakini katika vitongoji vya Nairobi, kama Kibera, Mathare na Mukuru, maskini walikuwa wakinunua, nao wakaendelea. Mwaka ule wa 2003 mtaalamu Mwingereza James Tooley na wenziwe walipita vichochoroni mwa Kibera wakahesabu shule 76 za watu binafsi, nyingine za udongo, nyingine za mabati, ambazo vitabu vya serikali karibu havikuzitaja. Mara nyingi mwenye shule alikuwa mwanamke aliyeanza na watoto wachache wa jirani. Wazazi walitoa sababu zao, nazo si za kijinga. Shule za serikali hazikuwamo ndani ya kitongoji. Zilikuwa kando, na mtoto mdogo alitakiwa kuvuka barabara kuu. Baada ya karo kuondolewa madarasa yalifurika. Sare na madawati vilibaki juu ya mzazi. Na yule mwanamke mwenye shule hukubali kulipwa kidogo kidogo, leo shilingi hizi, Jumamosi nyingine, jambo ambalo ofisi ya serikali haiwezi kulifanya. Tena wengine huwapokea mayatima bila kitu. Tooley alifurahi, akasema kwamba mwalimu anayelipwa na mzazi humwogopa mzazi. Hapo namfuata nusu ya njia. Ni kweli mwalimu humwogopa mzazi awezaye kumhamisha mtoto. Lakini mzazi wa Kibera hana mkutano wa kumwuliza mwalimu. Neno alilo nalo ni moja tu, kuondoka. Na yule asiyeweza kulipa hana hata hilo, kwa kuwa mtoto wake hurudishwa nyumbani asubuhi, na mwenye watoto wanne hulazimika kuchagua nani asome.

Mwaka wa 2009 ilikuja namna nyingine, kubwa zaidi. Kampuni iliyoanzishwa na Wamarekani, Bridge International Academies, ilifungua shule yake ya kwanza Mukuru, kisha ikafungua mamia katika Kenya na kuingia Uganda, Nigeria na nchi nyingine. Watu wenye fedha nyingi wa ng'ambo waliingiza mali zao. Mwalimu alipewa kifaa cha umeme mfano wa kibao, na ndani yake somo limekwisha kuandikwa na watu wengine, neno kwa neno, naye kazi yake ni kulisoma. Nimekuwa mwalimu muda wa kutosha kujua kwamba mwalimu mvivu atafaidika na kibao hicho, na mwalimu mwema atasongwa nacho kama mtu aliyevikwa koti la mwingine. Lililo kubwa zaidi ni kwamba somo halitoki kijijini wala mtaani, wala mzazi hajui ni nani aliyeliandika. Mwezi wa Novemba 2016 Mahakama Kuu ya Uganda ilikubali amri ya serikali ya kuzifunga shule za kampuni hiyo huko, kwa kuwa hazikutimiza masharti ya nchi. Na mwaka wa 2022 chama cha fedha cha Benki ya Dunia kiitwacho IFC kiliondoa fedha zake katika kampuni.

Tukirudi kwenye lugha, shule za vitongojini zimeendeleza shauri la wazee wa KISA, lakini bila mkutano wao. Kiingereza huanza siku ya kwanza, na jina la shule huwa la Kiingereza, maana ndicho kinunuliwacho. Mtoto wa Mukuru huongea Kiswahili na Sheng njiani, Kikamba au Kijaluo kwa bibi yake, kisha hukatazwa yote mlangoni. Mpango mpya wa masomo uliotangazwa tangu 2017 wataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha itumikayo mahali hapo, na mjini lugha hiyo ni Kiswahili. Mwenye shule anayeishi kwa karo huona hasara kuutii, kwa kuwa mzazi atamwuliza kwa nini amelipa ili mwanawe afundishwe lugha anayoijua tayari.

Lakini jambo lililo chini ya yote haya ni kiwanja. Wazee wa mbari walikuwa na githaka cha kukata, na kwa sababu hiyo mchango wao ulikuwa na mahali pa kusimama. Katika Kibera na Mukuru mkaaji hana hati ya ardhi. Hata mwenye shule mara nyingi hupanga. Serikali ikitaka shule iandikishwe, huuliza kwanza hati au mkataba wa kiwanja, na vyoo, na uwanja wa kuchezea. Mwaka wa 2009 iliweka mpango wa kuzitambua shule za namna hii kwa masharti mepesi zaidi, lakini nyingi zilibaki nje. Shule isiyoandikishwa haikaguliwi, na nyumba isiyokaguliwa huweza kuua: mwezi wa Septemba 2019 jengo la shule moja ya watu binafsi katika Dagoretti liliporomoka asubuhi watoto wakiwa ndani, wakafa wasiopungua saba. Wazazi waliofiwa walikuwa wamelipa karo. Kuta hazikuwa zao, wala hawakuwa na njia ya kuzichungulia.

Miezi sita baadaye, Machi 2020, shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, na nyingi hazikufunguliwa kikamilifu hata Januari 2021. Walimu wa serikali waliendelea kupata mishahara yao. Katika shule za karo hakuna mtoto, basi hakuna karo, basi hakuna mshahara wala kodi ya nyumba. Mwenye shule mmoja wa Mwea aligeuza madarasa yake mabanda ya kuku, akapanda mboga uwanjani, na sisi tuliosikia habari hiyo hatukumcheka, maana alikuwa na watu wa kulisha. Wengine wa mjini walitolewa vyombo na wenye nyumba. Shule nyingi hazikufunguka tena. Siku ya kurudi, wazazi waliwapeleka watoto katika shule za serikali zilizokuwa zimejaa tangu zamani, na palipokuwa darasa pakawa duka au chumba cha kupanga, kama alivyopenda mwenye kiwanja.